Jumuiya, Soko na Shirikisho: Istilahi za Mtangamano wa Nchi

Madhumuni ya makala haya ni kuzichunguza baadhi ya istilahi zinazotumika katika Kiswahili kueleza namna nchi jirani zinavyojiunga kwa mambo ya uchumi na siasa, na kuzipima kwa hali halisi ya Afrika Mashariki, Ulaya, Asia na Amerika. Istilahi hizo ni nyingi: ushirikiano, jumuiya, umoja, soko la pamoja, muungano, shirikisho, na katika miaka ya karibuni mtangamano. Kila moja hufahamika ikisimama peke yake. Taabu huanza zinapowekwa pamoja, kwani hapo hudhihirika kwamba mara nyingi tunatumia neno moja kwa mambo mawili, au maneno mawili kwa jambo moja.

Haja ya kuliandika jambo hili ilitokana na mkutano mmoja wa wakazi wa mtaa huko Goba, kata ya pembezoni mwa Dar es Salaam ambayo zamani ilikuwa katika Wilaya ya Kinondoni na sasa imo katika Wilaya ya Ubungo. Mgeni alialikwa kueleza habari za Jumuiya ya Afrika Mashariki, naye alizungumza kwa ufasaha kwa muda mrefu. Alipomaliza, mzee mmoja alisimama akauliza, "Mwanangu, hilo soko la pamoja litajengwa wapi? Maana sisi hapa hata hili tulilo nalo halitutoshi." Watu wakacheka. Kisha mama mmoja akasema, "Ndugu mgeni wetu, umetuambia kwamba kila mwananchi wa Jumuiya ana haki ya kuweka makazi katika nchi yoyote. Je, maana yake ni kwamba watu wa nchi nyingine watakuja kununua viwanja vyetu hapa?" Safari hii hakuna aliyecheka. Mwisho akasimama kijana: "Samahani mzee, hilo shirikisho la kisiasa litakuwa kama Muungano wetu, au kama shirikisho la mpira?"

Mgeni alijibu kadiri alivyoweza, lakini majibu yake yalirudia maneno yale yale yaliyoyazua maswali. Mwandishi wa makala haya, ambaye ni mkazi wa kata hiyo na ambaye kazi yake ni istilahi, alirudi nyumbani akiamini kwamba maswali yote matatu yalikuwa ya haki, na kwamba upungufu haukuwa wa wasikilizaji.

1. Mtangamano na ngazi zake

Neno linalobeba dhana hizi zote kwa ujumla ni mtangamano. Limetokana na kitenzi tangamana, yaani kuchanganyika na kushirikiana kwa karibu. Lisichanganywe na mtengamano, linalohusiana na tengamaa, yaani kutulia na kukaa sawa. Wapo wanaoandika "mtengamano wa Afrika Mashariki" hali wakikusudia kutangamana. Tofauti hii si ya herufi tu. Nchi zaweza kutengamaa bila ya kutangamana, kila moja ikiwa na amani ndani ya mipaka yake; na zaweza vilevile kuanza kutangamana kabla hazijatengamaa. Mwenye kuyachanganya maneno haya mawili huahidi amani pale palipoandikwa biashara.

Mtaalamu wa uchumi Béla Balassa, katika kitabu chake cha mwaka 1961, aliupanga mtangamano wa uchumi katika ngazi tano. Ya kwanza ni eneo huru la biashara, ambapo nchi huondoleana ushuru wa forodha, lakini kila moja hubaki na ushuru wake kwa bidhaa za nchi za nje. Ya pili ni umoja wa forodha, ambapo ushuru huo wa nje nao hufanywa mmoja. Ya tatu ni soko la pamoja, ambapo nguvukazi na mitaji huruhusiwa kuvuka mipaka kama bidhaa. Ya nne ni umoja wa uchumi, ambapo sera za uchumi hulinganishwa. Ya tano ni mtangamano kamili, unaohitaji chombo cha juu ambacho maamuzi yake huzifunga nchi zote.

Mkataba wa kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kutumika tarehe 7 Julai 2000, unafuata mpango unaokaribiana na huo. Unataja Umoja wa Forodha, kisha Soko la Pamoja, kisha Umoja wa Fedha, na hatimaye Shirikisho la Kisiasa. Msomaji ataona kwamba neno "umoja" limetokea mara mbili katika ngazi mbili tofauti, na kwamba hakuna neno hata moja kati ya hayo ambalo kwa umbo lake humwonyesha msikilizaji ipi iko juu na ipi iko chini.

2. Soko litajengwa wapi?

Kwa mkazi wa Goba, soko ni mahali penye meza, vibanda na ushuru wa kila siku. Katika taaluma ya uchumi, soko la pamoja ni hali ya kisheria: bidhaa, watu, wafanyakazi, huduma na mitaji ya nchi wanachama huwa na uhuru wa kuvuka mipaka kwa masharti yaliyokubaliwa. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilitiwa saini tarehe 20 Novemba 2009, ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Soko hilo halijengwi kwa matofali.

Umoja wa forodha nao huleta dhana potofu ya namna yake. Itifaki yake ilitiwa saini tarehe 2 Machi 2004, na utekelezaji ukaanza tarehe 1 Januari 2005. Bidhaa za kutoka nje ya Jumuiya ziliwekewa viwango vitatu vya ushuru: asilimia 0 kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa zilizotengenezwa nusu, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Julai 2022 kiliongezwa kiwango cha nne cha asilimia 35. Msamaha wa ushuru ndani ya Jumuiya ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, kwa hiyo hapana budi asili ya bidhaa ithibitishwe. Mfanyabiashara mdogo wa Goba anayeleta mzigo kutoka Nairobi angali anahitaji cheti cha uasili wa bidhaa, ingawa kwa mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani kipo cheti kilichorahisishwa. Umoja wa forodha haukuifuta forodha. Anayesikia "umoja" akadhani kwamba karatasi zimekwisha, atakwama mpakani, na kosa halitakuwa lake peke yake.

Wala taabu hii si ya Kiswahili tu. Nchi za Argentina, Brazili, Paraguay na Uruguay zilitia saini mkataba huko Asunción tarehe 26 Machi 1991 na kuunda MERCOSUR, ambayo maana yake ni Soko la Pamoja la Kusini. Tangu mwaka 1995 kilichokuwapo hasa ni umoja wa forodha, nao una bidhaa nyingi zilizoachwa nje ya utaratibu. Kadhalika COMESA ya Mashariki na Kusini mwa Afrika, ambayo Tanzania ilijitoa mwaka 2000, ina "Soko la Pamoja" katika jina lake, lakini ngazi iliyoanzishwa Oktoba mwaka huohuo baina ya baadhi ya wanachama wake ilikuwa eneo huru la biashara. Huu ni ushahidi kwamba jina la chombo mara nyingi hutaja kule kinakokwenda, wala si pale kilipo. Mwandishi wa habari afasiriye jina bila ya kueleza ngazi huwapa wasomaji nia badala ya hali.

3. Makazi, ukaazi na shughuli

Swali la mama ndilo lililokuwa zito kuliko yote, kwani Goba ni mahali ambapo mashamba ya juzi yamekuwa viwanja vya leo, na kwa familia nyingi kiwanja ndiyo mali pekee waliyo nayo.

Itifaki ya Soko la Pamoja hutenganisha mambo matatu. Kifungu cha 13 huhusu haki ya mwananchi wa nchi mwanachama kuanzisha na kuendesha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine mwanachama. Kifungu cha 14 huhusu haki ya kukaa huko kwa wale walioruhusiwa kufanya kazi au shughuli hizo. Kifungu cha 15 huhusu ardhi, nacho husema kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi yataongozwa na sera na sheria za nchi mwanachama yenyewe. Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 hairuhusu asiyekuwa raia kupewa ardhi isipokuwa kwa madhumuni ya uwekezaji.

Sasa tazama linalotokea katika tafsiri. Haki ya kwanza imepata kufasiriwa "haki ya kuweka makazi", na ya pili "haki ya makazi". Kwa Mswahili, kuweka makazi ni kujenga, na hakuna ajengaye hewani. Hivyo mambo mawili ambayo hayakuhusu umilikaji wa ardhi huingia masikioni kama ruhusa ya kununua ardhi, na kifungu cha tatu, kilichoandikwa mahsusi ili kulihifadhi jambo hilo, hakitajwi kabisa. Hofu ya mama yule ilitengenezwa na neno.

Inapendekezwa, kwa hiyo, kwamba haki ya kwanza iitwe haki ya kuanzisha shughuli, na ya pili haki ya ukaazi. Neno ukaazi limekwisha kuzoeleka katika vibali vya uhamiaji, nalo hutaja hali ya kukaa bila ya kudokeza umilikaji wa nyumba wala kiwanja.

4. Jumuiya mbili za mwaka 1967

Neno jumuiya ni pana mno. Tunayo Jumuiya ya Afrika Mashariki, Jumuiya ya Madola, jumuiya za watumiaji maji vijijini, na jumuiya ndogondogo za Wakristo zinazokutana nyumba kwa nyumba. Neno hili hueleza kwamba watu wamekusanyika. Halielezi wamefungana kiasi gani.

Mwaka 1967 unatupa mfano mzuri. Tarehe 6 Juni mwaka huo, huko Kampala, Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mkataba wa ushirikiano ulioanza kutumika tarehe 1 Desemba na kuzaa Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza, makao yake makuu yakiwa Arusha. Jumuiya hiyo iliendesha reli, bandari, posta na simu, na ndege za pamoja. Tarehe 8 Agosti mwaka uleule, huko Bangkok, Indonesia, Malaysia, Ufilipino, Singapore na Thailand zilianzisha ASEAN, ambayo nayo kwa Kiswahili huitwa Jumuiya ya Nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia. Hiyo haikuwa na reli ya pamoja, wala bunge, wala ushuru mmoja wa nje.

Jumuiya yetu ilivunjika mwaka 1977. Sababu zake zilikuwa nyingi: malalamiko kuhusu mgawanyo wa faida, tofauti za siasa ya uchumi, mapinduzi ya Uganda ya mwaka 1971 yaliyowafanya wakuu wa nchi washindwe kuketi pamoja, na mgogoro wa shirika la ndege. Mali na madeni yake hayakugawanywa rasmi mpaka mkataba wa Mei 1984. ASEAN, kwa upande wake, iliendelea polepole. Mkataba wake wa msingi ulianza kutumika Desemba 2008, na Oktoba 2025 Timor-Leste ikawa mwanachama wa kumi na moja. Vyombo viwili vya mwaka mmoja, vyenye jina moja katika Kiswahili: kimoja kilikuwa kimefungwa sana kikakatika, kingine kilikuwa kimelegea kikadumu. Anayejua neno jumuiya peke yake hawezi kuieleza tofauti hiyo.

Ulaya walionyesha kupanda kwao kwa kubadili jina. Walianza mwaka 1951 na Jumuiya ya Makaa ya Mawe na Chuma ya nchi sita. Mwaka 1957 wakatia saini Mkataba wa Roma ulioanzisha Jumuiya ya Uchumi. Na mkataba wa Maastricht, ulioanza kutumika tarehe 1 Novemba 1993, ukaleta Umoja wa Ulaya. Kwao, umoja ni zaidi ya jumuiya. Kwetu sivyo, kwa sababu neno umoja tulikwisha kulitumia kwa Umoja wa Mataifa na kwa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulioundwa mwaka 1963, ambavyo vilikuwa vyombo vilivyoziachia nchi mamlaka yao yote. Wenzetu wa Kenya mara nyingi husema Muungano wa Ulaya. Si kosa, lakini kwa Mtanzania neno muungano lina maana ya pekee tangu tarehe 26 Aprili 1964, siku ambayo Tanganyika na Zanzibar zilikuwa dola moja. Inafaa Baraza na vyombo vya lugha vya nchi jirani viafikiane kuhusu neno hili kabla halijaingia katika sheria za Jumuiya kwa sura mbili.

5. Shirikisho na fungamano

Tumelifikia swali la kijana. Wazo la shirikisho ni la zamani katika Afrika Mashariki. Mwaka 1960 Mwalimu Julius Nyerere alikuwa tayari kuuchelewesha uhuru wa Tanganyika ikiwa kufanya hivyo kungeziwezesha nchi hizi kuupata zikiwa pamoja. Tarehe 5 Juni 1963, huko Nairobi, yeye pamoja na Jomo Kenyatta na Milton Obote walitangaza nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Halikuundwa. Katika bahari ya Karibi, Shirikisho la West Indies liliundwa mwaka 1958, Jamaika ikalikataa kwa kura ya maoni mwaka 1961, nalo likavunjwa mwaka 1962. Nchi hizo ziliporudi mezani mwaka 1973 na kuunda CARICOM, zilianza na biashara.

Mwaka 2007 wananchi wa Tanzania walipoulizwa maoni kuhusu kuharakishwa kwa shirikisho la kisiasa la Afrika Mashariki, walio wengi walikataa kuharakishwa huko. Kisha, Mei 2017, Wakuu wa Nchi wa Jumuiya walikubali chombo cha aina nyingine kiwe hatua ya mpito kuelekea shirikisho. Katika chombo hicho, kila nchi hubaki dola kamili, yenye kiti chake katika Umoja wa Mataifa na haki ya kujitoa, na mamlaka ya pamoja hutokana na mkataba baina ya dola. Katika shirikisho, mamlaka hutokana na katiba moja, na mbele ya mataifa mengine kuna dola moja tu. Tofauti ni kubwa kama baina ya wapangaji wa nyumba moja na watu wa familia moja. Hata hivyo, kwa Kiswahili vyote viwili huitwa shirikisho. Mwananchi aliyesema "tusiharakishe shirikisho" akisikia kwamba shirikisho limekubaliwa, ana haki ya kudhani kwamba maoni yake yamepuuzwa.

Swali la kijana, basi, lilikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Shirikisho la mpira, kama lilivyo shirikisho la vyama vya wafanyakazi, ni chombo cha vyama ambavyo kila kimoja hubaki na uongozi wake. Kwa matumizi ya mtaani, shirikisho linakaribia ile hatua ya mpito. Kwa matumizi ya wanasheria, ni dola moja. Na Muungano wetu haulingani na mojawapo: ni dola moja yenye serikali mbili, na mambo ya Muungano yameorodheshwa katika Katiba, yakiwa 11 mwaka 1964 na 22 katika orodha iliyopo sasa.

Kuna njia tatu za kulitenga jina la hatua hiyo. Ya kwanza ni kukopa na kusema konfederesheni. Neno hilo ni sahihi, lakini halimwambii kitu asiyelijua. Ya pili ni kusema shirikisho la mpito. Hili hutaja muda bila ya kutaja tabia, na historia haihakikishi mpito: chombo cha namna hiyo baina ya Senegal na Gambia kilidumu kuanzia 1982 mpaka 1989, kisha kikavunjwa bila ya kufikia shirikisho. Ya tatu, inayopendekezwa hapa, ni fungamano. Kitenzi fungamana kinafahamika, na kimekwisha kuingia katika siasa kwa jina la Nchi Zisizofungamana na Upande Wowote. Aidha, kinachofungamana huweza kufunguliwa. Kuni za mzigo mmoja hubaki kuni mojamoja. Kwa istilahi hii, chombo kilichoundwa Julai 2024 na Mali, Burkina Faso na Niger kingeitwa Fungamano la Nchi za Sahel. Uswisi, ambayo imelihifadhi jina lake la kale la fungamano ingawa kwa katiba ya mwaka 1848 ni shirikisho, ingeelezwa bila ya kumtatiza msomaji.

6. Hitimisho

Umoja wa Ulaya una lugha rasmi 24, na sheria zake zina nguvu sawa katika kila lugha. Kwa hiyo istilahi huko ni sehemu ya sheria. ASEAN imejichagulia Kiingereza peke yake kuwa lugha ya kazi. Mkataba wetu wa mwaka 1999 uliifanya Kiingereza kuwa lugha rasmi na kuagiza Kiswahili kikuzwe kiwe lugha ya mawasiliano ya watu. Februari 2021 Wakuu wa Nchi waliagiza kwamba Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pia. Maana yake ni kwamba neno lililokuwa likimtatiza msikilizaji wa redio litakuja kumtatiza hakimu. Kamati ya Kiswahili ya nchi za Afrika Mashariki ilianza kusanifisha lugha hii mwaka 1930, kabla ya shirika la ndege la pamoja na kabla ya jumuiya yoyote, nayo kazi hiyo haikuvunjika mwaka 1977. Itakuwa aibu iwapo lugha iliyotangulia itachelewa sasa.

Laiti mkutano wa Goba ungerudiwa, majibu yangeweza kuwa mafupi. Mzee angeambiwa: soko la pamoja ni ruhusa ya kuvuka mpaka na bidhaa au kazi, na ombi lako la soko la kata lipelekwe kwa diwani. Mama angeambiwa: wenzetu wana haki ya kuanzisha shughuli na haki ya ukaazi, lakini ardhi inabaki chini ya sheria ya nchi yetu. Kijana angeambiwa: kinachoandaliwa kwanza ni fungamano, shirikisho litakuwa jambo jingine, nawe utakuwa na haki ya kuulizwa.

Mapendekezo haya matatu, yaani haki ya kuanzisha shughuli, haki ya ukaazi, na fungamano, yanatolewa yajadiliwe kabla ya kusanifiwa. Wasomaji wa Bara, Visiwani na nchi jirani wanaombwa waandike maoni yao, hasa wale wanaofahamu maneno mengine yanayotumika mipakani, kwani huko ndiko mambo haya yanakoishi kila siku.